Sura ya Saba: Kisu Kilikuwa Cheupe

Kwa madai ya Febronia, jirani wa marehemu, mambo yalikwenda hivi. Ijumaa asubuhi, saa tatu kasoro, alikuwa uani kwake, kijijini Michenga, akianika mpunga kwenye turubai. Ng'ambo ya ua wa matete kuna kibanda cha mhunzi, mzee Hermenegildi, na asubuhi ile mivukuto ilikuwa imenyamaza, jambo ambalo si la kawaida saa kama hizo. Akasikia sauti zinapanda. Akasogea, akachungulia kwenye upenyo. Akamwona Maximilian, kijana anayejifunza kazi kwa mzee, amesimama na kisu kipya mkononi, kile kisu cha michirizi, mistari myeusi na myeupe inapishana kama maji ya mto yanapopinda, kinang'aa juani mpaka macho yakamuuma. Na kwa masikio yake mwenyewe akamsikia Maximilian anasema, "Mzee, hiki hiki ulichonitengenezesha ndicho kitakachokumaliza." Febronia akafanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye mpunga wake. Jioni, mteja aliyefuata jembe lake akamkuta mzee amelala kifudifudi kando ya fuawe yake ya kufulia vyuma, tundu moja chini ya mbavu, na kisu hakipo.

Hivyo ndivyo alivyosema, na hivyo ndivyo Koplo Agnella alivyoandika Jumamosi, kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa za duara alizofundishwa shule ya msingi na ambazo hakuwahi kuzibadilisha. Febronia akaweka dole gumba chini ya karatasi. Saa mbili baadaye Maximilian akakamatwa kwenye jaruba la mpunga la mama yake, anafukuza ndege.

Sasa ilikuwa Jumapili. Agnella alikuwa anayasoma maelezo yale kwa mara ya sita.

"Unatafuta nini humo?" Inspekta Adolf alimuuliza kutoka mlangoni. Alikuwa mkuu wake wa upelelezi, mtu wa kukaa na faili kifuani kama anayebeba mtoto. "Shahidi ameona, amesikia. Kesho saa tatu kijana anasomewa shitaka la mauaji."

"Na akishasomewa hakuna dhamana, afande."

"Sheria ndivyo ilivyo."

"Wapo waliokaa mahabusu miaka mitano wakisubiri Mahakama Kuu. Huyu ana miaka ishirini na moja."

"Na mzee alikuwa na sitini na nane. Kisu kimepatikana?"

"Bado. Tumefyeka ua wote, tumepekua mfereji, tumeangalia chooni."

"Una siku ya leo," alisema Adolf. "Kesho faili linatoka mezani kwangu, likiwa na kisu au bila kisu."

Maximilian aliletwa kwenye chumba cha maelezo bila viatu. Alikaa akiutazama ukuta, mikono juu ya mapaja, vidole vyeusi kwa makaa ambayo sabuni ya siku mbili haikuyatoa. Agnella alimwonyesha kiti kingine kilichoelekea dirishani. Hakusogea.

"Ijumaa asubuhi mligombana na mzee?"

"Hatukugombana, afande. Alinitukana. Ndiyo kawaida yake."

"Alikutukana nini?"

"Alisema nina mikono ya kukorogea pombe. Nilikuwa nimepiga msasa upande mmoja wa kisu ukawa mwembamba kuliko mwingine."

"Wewe ukamjibu nini?"

"Nikacheka. Sasa ungefanyaje? Ni kweli nilikuwa nimekosea."

Agnella aliandika. Mvua ilikuwa imeanza nje, ile ya kunyesha kidogo kidogo isiyo na mpango wa kuisha. Akageuza ukurasa, akasema, "Nieleze hicho kisu. Taratibu, kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Na kweli sijui kitu."

"Kitakusaidia nini?"

"Wewe nieleze."

Maximilian alishusha pumzi. "Vyuma viwili. Kimoja ni bendi ya msumeno, zile zinazokatika kwenye viwanda vya mbao za mtiki. Kingine springi ya trekta. Unavikata vipande, unavipanga, kimoja juu ya kingine, kimoja juu ya kingine. Unachoma mpaka vinakuwa rangi ya ute wa yai. Unapiga, vinashikana. Unakunja, unapiga tena. Mzee alikuwa anahesabu mikunjo kwa rozari, maana akili yake ilikuwa inasahau."

"Michirizi inatokea hapo?"

"Haitokei. Inakuwepo, lakini huioni. Ukimaliza kupiga msasa kisu chote ni cheupe, huwezi kukitofautisha na kisu cha dukani. Mpaka kiingie kwenye dawa, ile asidi. Asidi inakula springi, springi inakuwa nyeusi. Bendi ya msumeno haiwezi kuila, ina kitu ndani yake kinachokataa. Inabaki nyeupe. Hapo ndiyo unaona mistari. Ni ya chuma chenyewe, imeanzia kwenye ncha mpaka ndani ya mpini."

Kalamu ya Agnella ilikuwa imesimama tangu kwenye neno asidi.

"Ijumaa asubuhi kisu kilikuwa kimeshaingia kwenye dawa?"

"Hakikuwa kimeingia. Dawa haikuwepo. Iliyokuwepo ilishachoka, ukiweka chuma hakigeuki. Mzee alikuwa anasubiri nyingine kutoka mjini wiki nzima. Mimi nimeondoka saa sita kwenda shamba, kisu nimekiacha juu ya fuawe, cheupe."

"Una hakika na hilo, Maximilian? Fikiri."

"Afande, michirizi ya kisu kile mimi sijaiona mpaka leo." Kwa mara ya kwanza aligeuza uso kutoka ukutani. "Dawa alikuwa anaweka mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa. Miaka mitatu nipo pale, siku ya dawa natolewa nje kama kuku. Nilikuwa nangoja anionyeshe. Aliniahidi mwaka huu."

"Kwa nini jana hukusema haya?"

"Jana mliniuliza kisu nimekificha wapi. Hamkuniuliza kilikuwa na rangi gani."

Agnella aliangalia chini kwenye karatasi. Ni kweli. Maswali ya jana yalikuwa kumi na manne, yote kwa mwandiko wake, na hilo halikuwemo.

"Kabla yako mzee alikuwa na mwanafunzi mwingine?"

"Emanuel, huyo wa jirani, mtoto wa mama Febronia. Alivuta mivukuto miaka miwili. Wakati huo mzee alikuwa hamwonyeshi mtu kitu, hata kupanga vyuma. Halafu akamfukuza siku ya mnada, mbele za watu, akamwambia aende akaendeshe bodaboda kwa sababu pale anakalia tu makaa. Ndiyo anaendesha mpaka sasa."

"Wanasalimiana?"

"Mzee alikuwa anamsalimia. Emanuel anaitikia kwa kidevu. Vijiweni anasema mzee ni mchoraji, ile michirizi ni rangi anapaka juu."

"Na mtu akitaka kujua kama ni rangi ama ni chuma?"

"Apige msasa mpaka iondoke. Halafu aweke kitu kikali. Ya chuma itarudi. Ya kuchora ndiyo imekwenda." Akarudi kuutazama ukuta. "Afande, nikuulize. Hata mkinitoa, nikafanye nini? Kukunja najua, kupiga najua. Ile ya mwisho sijui. Nitatengeneza visu vyeupe?"

Askari wa zamu akagonga. Muda ulikuwa umekwisha.

Kulikuwa na tetesi moja iliyobaki. Askari wa usalama barabarani alikuwa amemwambia Agnella asubuhi kwamba duka la Haidari, pale Ifakara mjini, wanapouza betri na spea za pikipiki, kuna kisu cha michirizi kwenye kabati la kioo, na wiki iliyopita hakikuwepo. Agnella alikwenda kwa miguu, koti la mvua begani, akipita pembeni mwa barabara ambako maji yalikuwa hayajajaa.

"Shikamoo, mzee Haidari."

"Marahaba, afande. Jumapili na mvua yote hii, serikali hailali?"

"Inalala. Mimi ndiyo nimeamshwa."

Haidari alicheka, kisha akamwona anatazama wapi, kicheko kikafupika. Kisu kilikuwa pale, kati ya balbu na kufuli. Mistari yake ilikuwa myeusi kabisa na myeupe kabisa, inapanda na kushuka. Agnella alivaa soksi za mikono za mpira, akaomba kabati lifunguliwe.

"Umekipata wapi?"

"Kimekuja kwenye boksi la mzigo, na mapanga. Dar es Salaam. Karatasi ninayo." Aliitafuta, akaipata, tarehe ilikuwa ya Jumanne. "Visu hivi watu wa mtandaoni wanaviita vya Damasko. Nilipoona mzee Hermenegildi anavitengeneza na watu wanavitaka, nikasema na mimi niagize kimoja, nipime soko."

"Nipe msasa."

"Afande, utaniharibia mali."

"Nipe msasa, mzee wangu. Na tone la asidi ya betri."

Alisugua mahali padogo karibu na mpini. Kwa mikwaruzo minne tu mistari ikafutika kama vumbi juu ya meza. Akadondosha tone la asidi kwa kijiti, wakasubiri, wote wawili wameinama kama watu wanaomwangalia mgonjwa. Mahali pale pakageuka kijivu, kijivu kimoja, pote sawasawa. Hakikurudi kitu.

"Cha kuchora," alisema Agnella.

"Wallahi mimi niliambiwa ni chenyewe."

"Basi na wewe umechorewa."

Alikirudisha kabatini. Alikaa kwenye kreti ya soda, akavua soksi za mikono, akazikunja polepole sana. Alikuwa ametembea njia nzima akiwa na kisu hiki kichwani, na sasa hakuwa na kisu chochote. Mchana ulikuwa umeshapita nusu.

"Mzee alikuwa ananunua asidi kwako?"

"Kwa nani tena? Na hii ya mwisho imeniuma, afande. Nilimchelewesha. Alinipigia Ijumaa asubuhi, mimi natafuta kanzu ya kwendea msikitini, akanifokea. 'Haidari, unaniua na ahadi zako. Kisu kinanitazama hapa cheupe kama kijiko.' Maneno yake hayo. Ndiyo ya mwisho kuyasikia."

Agnella aliinua kichwa. "Rudia."

"Cheupe kama kijiko."

"Saa ngapi?"

Haidari alitoa simu, akaifungua, akamgeuzia. Jina lilikuwa limeandikwa Mhunzi Michenga, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Ijumaa. Agnella alipiga picha kioo cha simu, akaandika namba, akaandika maneno ya marehemu kama yalivyo, akamwomba Haidari asaini pembeni.

Saa tatu kasoro Febronia aliona michirizi. Saa nne na dakika kumi na mbili kisu kilikuwa bado cheupe.

"Ukampelekea asidi lini?"

"Baada ya swala. Nilifungua duka saa nane na nusu, nikaifunga chupa kwenye nailoni mbili, nikampa bodaboda. Ilifika, maana mzee alinitumia ujumbe saa tisa, kasema imefika."

"Bodaboda gani?"

"Yule kijana wa Michenga. Emanuel."

Mvua ilipiga bati la duka. Agnella aliandika jina, akalipigia mstari.

"Alirudi kukuambia habari ya mzigo?"

"Tangu Ijumaa sijamwona. Na kituo chake ni hapo mbele, kwenye mkorosho. Kila siku huwa ananiomba maji ya kunywa."

Agnella alimpigia Inspekta Adolf akiwa bado kwenye kreti. Adolf alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama amekosea saa," alisema. "Watu wa shamba hawana saa."

"Hakukosea saa tu, afande. Asubuhi anasema aliona kitu ambacho kilikuwa hakijakuwepo duniani. Basi yupo aliyemweleza, na huyo amekiona baada ya saa tisa alasiri, mlango wa mzee ukiwa umefungwa. Maximilian hajawahi kuingia mlango ukifungwa. Bodaboda aliingia na chupa."

"Na wakili wa serikali atasema mama alichanganya siku, au Maximilian alirudi jioni. Yupo mtu aliyemwona shambani mchana kutwa?"

"Ndege."

"Agnella, mimi sikatai. Lakini hayo ni maneno, na maneno dhidi ya shahidi wa macho hayamtoi mtu. Niletee kisu."

Alifika Michenga saa kumi kasoro kwa pikipiki ya kituo, tope hadi magotini. Kibanda cha mhunzi kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya polisi, na upepo ulikuwa umeng'oa bati moja. Mvua ilikuwa inaingia moja kwa moja juu ya fuawe, ambayo tayari ilikuwa imeota kutu. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kwenda kuifunika. Agnella aliitazama kidogo, akapita.

Febronia alikuwa amerudi kutoka kanisani, bado amevaa kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, amekaa kwenye kigoda chini ya paa la jiko. Mbele yake palikuwa na beseni la kambale wawili wakubwa. Alikuwa amewasugua kwa majivu kuondoa utelezi, sasa anawakata vipande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jumapili nayo? Karibu, karibu ndani ya moshi. Umeolewa na kazi wewe."

"Angalau hainipigi."

Febronia alicheka kwa kifua, kikohozi kikamshika. Alionekana mtu aliyetoka kuugua, ngozi ya mashavu imelegea. Agnella hakutoa daftari. Alikaa kwenye kigoda kingine, akavuta ungo wa mchele uliokuwa pembeni, akaanza kuchagua mawe, na kwa muda waliongea habari ya mvua, na ya padre ambaye mahubiri yake yalikuwa yamewachosha watoto. Febronia alimaliza kukata. Alikamua nusu ndimu juu ya samaki, na kwa ile iliyobaki akakisugua kisu pande zote mbili, kukata shombo, akakiweka juu ya jiwe na maji ya ndimu bado yakiwa juu yake. Kilikuwa kisu cha kawaida, cha kijivu kilichofifia, mpini umezungushiwa mpira wa tairi. Akabandika karai, akaanza kukaanga.

"Mama, nimerudi kwa jambo dogo," alisema Agnella. "Kile kisu ulichokiona. Niambie tena kilivyokuwa."

"Si nilikuambia jana? Mistari. Nyeusi, nyeupe, kama maji."

"Asubuhi."

"Asubuhi, naanika mpunga."

"Mama, asubuhi ile kisu hakikuwa na mstari hata mmoja. Mzee mwenyewe amesema."

Febronia aligeuka na kijiko cha kukaangia mkononi. "Marehemu amesema?"

"Alisema kwenye simu, saa nne, kabla hajawa marehemu. Kisu kilikuwa cheupe. Mistari ilikuja baada ya saa tisa alasiri."

Mafuta yalilia. Febronia aligeuza kipande ambacho hakikuwa kimeiva, akakirudisha.

"Basi labda ilikuwa alasiri."

"Alasiri ulikuwa uani?"

"Nilikuwa..." Alijifuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Alasiri nilikuwa zahanati. Nilichomwa sindano. Homa ilikuwa imenishika tangu Alhamisi."

"Na asubuhi na homa hiyo, ulianika mpunga gunia zima?"

Agnella aliendelea kuchagua mchele. Jiwe moja. La pili. Hakumtazama.

"Mwanangu, nilikuwa nimelala," Febronia alisema hatimaye. "Muulize nesi. Sikuweza hata kusimama."

"Kwa hiyo hukuchungulia."

"Mimi sikuchungulia. Emanuel ndiye aliyeona."

"Alikuambia lini?"

"Ijumaa, walipokuwa wanautoa mwili. Aliingia humu ndani anatetemeka, anatapika. Akaniambia yote, Maximilian alivyoshika kisu, alivyosema. Akasema, mama, mimi nikienda polisi watasema nina kinyongo, kwa sababu mzee alinifukuza. Sema wewe, wewe huna ugomvi na mtu. Nikasema." Alimtazama Agnella usoni sasa, bila aibu, kama anayeeleza kitu kilicho wazi. "Alichokiona mwanangu na nilichokiona mimi kuna tofauti gani? Nimemzaa mwenyewe. Hajawahi kunidanganya."

"Michirizi alikueleza yeye?"

"Alinieleza ya nyeusi na nyeupe. Ile ya maji ni yangu. Niliona inapendeza hivyo."

Agnella aliweka ungo chini. Kwenda kuchukua maelezo mapya kulitosha kumtikisa shahidi, lakini Adolf angeuliza kile kile, kisu kiko wapi. Alinyanyua macho atafute daftari kwenye mkoba, na macho yakapita juu ya jiwe.

Kisu kilikuwa kimebadilika.

Kwanza ilionekana kama moshi umekaa juu ya bapa lake, doa la kibuluu pale ndimu ilipokauka. Kisha, kadiri alivyotazama, doa likaachana. Palikuwa na uzi mweusi, na pembeni yake uzi mweupe, na mweusi tena, mistari myembamba kuliko unywele, ikikimbia sambamba kutoka mpinini, ikipinda pamoja bila kugusana, ikizunguka kijicho kimoja katikati kama kile kinachobaki kwenye mbao ambapo palikuwa na tawi, na kuteremka mpaka ncha. Haikuwa myeusi kama ya dukani kwa Haidari. Ilikuwa ya majivu na ya fedha. Lakini ilikuwa yote.

Febronia alifuata macho yake. Aliinama, akakichukua, akakifuta kwa upande wa kitenge. Akafuta tena kwa nguvu. Mistari ilibaki pale pale.

"Kimeshika uchafu," alisema.

"Kiweke chini, mama."

"Si uchafu wa ndimu?"

"Kiweke juu ya jiwe, tafadhali. Nani alikupa?"

Alikiweka kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa. "Emanuel. Alisema kile changu cha zamani hakikati."

"Lini?"

"Jana. Ulipoondoka na karatasi yako, akaja nacho." Alikionyesha kwa kidole. "Kilikuwa cheupe. Naapa kwa Bikira Maria kilikuwa cheupe, amekipiga msasa vizuri, nikamwambia umenipa kisu kizuri."

"Najua. Alidhani ni rangi."

"Nini?"

"Michirizi. Emanuel alidhani mzee anapaka. Akasugua, ikaondoka, akaona yamekwisha, na kutupa kitu kama hiki hakuweza." Agnella alivaa soksi za mikono. Aliweka rula kando ya kisu, akapiga picha upande mmoja, akakigeuza kwa kijiti, akapiga wa pili. Alifungua mpira wa tairi mzunguko mmoja tu kwenye mpini. Chini yake, kwenye chuma cha ndani ambako msasa haukufika, mistari ilikuwa myeusi tititi, na imeungana moja kwa moja na ile iliyotoka kwa ndimu. Mpira wenyewe ulikuwa na kitu cha kahawia kilichoganda ndani ya mkunjo, kama damu kavu. Aliufunga tena kama ulivyokuwa, akakiingiza kisu kwenye bahasha, akaandika saa, mahali, jina la aliyekuwa nacho. Mkono wake uliandika Febronia na kusimama, kisha ukamalizia.

Alituma ujumbe kwa Adolf: Nimekipata. Kwa shahidi. Njooni na gari. Jibu lilikuja pale pale. Barabara imekatika Mto Lumemo, tunazunguka, dakika arobaini. Usiondoke hapo.

"Mama, utahitaji kutoa maelezo mengine. Utayasema yote kama ulivyoniambia sasa."

Febronia alikuwa amerudi kwenye karai. Vipande vilikuwa vimeiva, vingine vimepita kiasi, naye akavitoa kimoja kimoja kwenye sinia, akivipanga kwa ukubwa. Hakulia. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini, ya kawaida, ile ya mama anayeuliza bei.

"Yule Maximilian, atatoka?"

"Kesho."

"Mama yake kanisani leo hakunipa amani. Nilinyoosha mkono, akaangalia madhabahu." Alifunika sufuria ya wali, akaifunua tena. "Nilikasirika, unajua. Nikasema, huyu anamzaa muuaji halafu ananinunia mimi."

Agnella alikaa tena kwenye kigoda, bahasha mapajani, mgongo kwenye nguzo, mahali anapoona uwazi wa ua. Mvua ilikuwa imepungua. Mbali, upande wa barabara ya lami, pikipiki ilibadilisha gia, ikaingia kwenye njia ya tope inayokuja huku, inapanda, inateleza, inapanda. Febronia aliijua kabla haijafika kwenye kona. Alichukua sahani ya bati, akapakua wali, akaubonyeza katikati kwa mgongo wa upawa, akachagua kipande cha tumbo, chenye mafuta, akakiweka juu. Akatazama, akaongeza kingine.

"Alinipigia natoka kanisani," alisema, bila kugeuka. "Kasema, mama, leo nakuja kula nyumbani."

Alifuta ukingo wa sahani kwa kidole. Kisha akaja nayo mpaka mbele ya Agnella, akapiga magoti kwenye majivu, yeye mtu mzima mbele ya binti wa rika la mwanawe, sahani mikononi.

"Gari lenu bado liko mbali, mwanangu. Sitamwambia kitu. Mwache ale kwanza."

Pikipiki ilizimwa nyuma ya matete. Agnella aliutazama mvuke wa wali ule, mikono yote miwili juu ya bahasha, na mlango wa ua ukaanza kusukumwa.